Jinsi ya kushona glavu ya kuuamsha mkono wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, si daktari. Naandika haya kwa sababu haupiti mwezi bila mama mmoja kufika barazani kwangu bila nguo ya kushona, kabeba mtoto, anauliza kama mimi ndiye mama Idi wa glavu. Glavu hiyo huvishwa mkono wenye nafuu, ili ule mzito ulazimike kufanya kazi. Nimeeleza kwa mdomo mara nyingi hadi nimeanza kuruka hatua, na zile ninazoziruka ndizo zinazoumiza mtoto.

Idi, mwanangu, ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia angali mchanga na viungo vikawa vizito; kwake ni upande mmoja wa mwili, wa kulia. Mguu huburuta akichoka, lakini wenye kesi kubwa ni mkono. Akiwa na miezi mitano alikuwa akidaka kila kitu kwa kushoto. Ukimtikisia njuga upande wa kulia, anageuza kiwiliwili kizima ili mkono wa kushoto ufike. Gumba la kulia lilijificha ndani ya ngumi saa zote, hata kumwosha kiganja ilikuwa kazi. Majirani wakasema ana mashoto, kamrithi babu yake. Nikaridhika, maana babu yake kweli alikuwa na mashoto.

Hapa naomba utulie kidogo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hachagui mkono. Anadaka kwa wowote ulio karibu na kitu. Ukimwona wa miezi mitano au sita anang'ang'ania mmoja, na mwingine kaukunja ngumi, hayo si mashoto, mpeleke akaangaliwe. Mimi nilichelewa, na daktari wa kwanza naye aliniambia mtoto atachangamka mwenyewe, basi miezi minane mingine ikapotea. Wala usidhani limekukuta wewe peke yako. Mashariki mwa Uganda, wilaya za Iganga na Mayuge, Dk. Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walipita kwenye kaya wakakuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Wamo waliozaliwa salama wakaupata baadaye, hasa baada ya malaria kali yenye degedege.

Mkono hauwezi, au umesahaulika?

Tulipofika kwa dada wa tiba kwa vitendo, mtaalamu anayefundisha kazi za kila siku, Idi alikuwa na miaka mitatu na miezi minane. Nilishamkanda kwa mafuta ya nazi na ya mnyonyo, nilishamnyoosha vidole akiwa usingizini, kombe nalo alishakunywa. Dada hakuugusa hata mkono wenyewe. Alimketisha, akaniambia nimshike wa kushoto taratibu, akaweka biskuti juu ya meza upande wa kulia. Idi akalia kidogo. Kisha ngumi ya kulia ikatambaa mezani kama kaa, ikaikokota ile biskuti hadi ukingoni, ikamwangukia mapajani. Miaka mitatu sikuwahi kuuona mkono ule ukifuata kitu.

"Umeona, mama Idi?" dada akasema. "Mkono si mfu. Ubongo ndio ulioacha kuutuma."

Maneno yale yana historia, nayo inaanzia kwa kima. Mwanasayansi wa Marekani, Edward Taub, alikuwa akikata mishipa ya fahamu inayopeleka hisia kutoka mkono mmoja wa kima. Mishipa ya kuuamrisha mkono ilibaki mizima, lakini mnyama hakuutumia tena. Alipofungwa mkono mzima, ule wa pili ukaanza kazi. Na akiachwa hivyo siku za kutosha, aliendelea kuutumia hata baada ya kufunguliwa. Taub akaona kumbe mnyama alijaribu mara za mwanzo, akashindwa, akajifunza kwamba mkono huu hauna faida. Kutojaribu kukawa mazoea. Mwaka 1981 polisi waliivamia maabara yake huko Silver Spring, Maryland, kwa shauri la ukatili. Kima 17 wakachukuliwa, naye akapelekwa mahakamani, akatiwa hatiani, baadaye hukumu ikatenguliwa. Yaliyowapata wale wanyama siyapendi, na sitasema vingine kwa kuwa mwanangu amefaidika. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Taub aliigeuza elimu hiyo kuwa tiba ya watu wenye kiharusi, kisha ya watoto. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitoa matokeo ya watoto 18 wenye mtindio wa ubongo. Waliopewa tiba hiyo walifungwa hogo kwenye mkono mzima na kufanyishwa kazi kwa ule mwingine saa 6 kila siku, siku 21 mfululizo, wakapata uwezo ambao wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida hawakuupata.

Iliyonibadilisha mimi, hata hivyo, ni habari ya paka. John Martin, mtafiti wa New York, alionyesha kwamba mnyama akiwa mchanga, nyuzi zinazoshuka kutoka pande mbili za ubongo hadi kwenye uti wa mgongo hugombania nafasi. Ni kama meza za soko: usipofika na bidhaa, jirani anatandaza zake hadi kwako, na siku ukirudi unaambiwa hapa pana mwenyewe. Janet Eyre wa Newcastle, Uingereza, akaona dalili za ushindani huo huo kwa watoto wa binadamu katika miaka yao 2 ya mwanzo. Martin na wenzake wakaenda mbele: mwaka 2012 walieleza jinsi walivyowachukua paka wachanga ambao upande mmoja wa ubongo ulikuwa umezimwa kwa muda, wakawazuia mguu wa mbele ulio mzima. Waliozuiwa tu, basi, hawakurudi kudaka kwa ustadi. Waliozuiwa na papo hapo wakafundishwa kudaka mapema, hao ndio waliorudi.

Dada aliponieleza hilo nilielewa kwa nini mafuta ya nazi hayakufika popote. Nilikuwa nauhudumia mkono, Idi mwenyewe hayumo. Kumnyoosha mtoto aliyelala hakuufundishi ubongo kitu. Na glavu bila kazi ya kufanya ni kumfunga mtoto tu.

Nani asivishwe

Glavu ni ya mtoto ambaye upande mmoja una nafuu iliyo wazi kuliko mwingine. Kama mikono yote miwili ni mizito, ukiuvisha ule wenye nafuu umemnyang'anya alichonacho. Mwenye kifafa kisichotulia aonwe kwanza na daktari wake. Asiyesimama imara, glavu ni ya kuketi tu.

Mtoto wa chini ya mwaka, usimfanyie haya kwa kusoma kwangu. Huko Sweden, Ann-Christin Eliasson wa Chuo cha Karolinska amewafanyia vichanga, lakini ni dakika 30 tu kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa vipindi viwili vya wiki 6, na mtaalamu anawaongoza wazazi. Sababu ni hao hao paka: mkono mzima wa mtoto mdogo nao bado unajengwa, ukiufunga kutwa unaweza kuuharibia njia zake.

Kushona

Glavu yangu ya kwanza niliishona kwa nailoni, kwa kuwa nilikuwa na kipande kizuri chenye samaki. Joto la Tanga unalijua. Siku ya pili kiganja kikatoka harara, na lastiki niliyoizungusha kwenye kifundo ikaacha mstari. Ya pili niliishona kwa khanga laini tupu. Idi akawa anashikia vitu ndani kwa ndani kama kawaida yake, glavu ikawa pambo. Ya tatu ndiyo hii.

Laza mkono wa mtoto wenye nafuu juu ya karatasi, vidole pamoja bila kubana, gumba kando kidogo. Chora kuuzunguka. Ongeza sentimita 2 pande zote, na upande wa chini shusha sentimita 5 kupita kifundo. Hakuna vidole katika glavu hii. Ni mfuko mmoja, umbo la jani la mkungu. Kata vipande viwili vya jinzi iliyofuliwa hadi ikalainika (suruali kuukuu ya baba yake inatosha, paja moja unatoa glavu mbili), na viwili vya bitana, khanga ya pamba. Upande wa kiganja, kati ya jinzi na bitana, acha kimfuko. Humo litaingia bapa.

Bapa ndiyo siri yote. Nalikata kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula la lita 5, pale ubavuni penye unyoofu, lianzie ncha za vidole liishie kabla ya kifundo. Kona zote zizungushwe kwa mkasi, kisha pitisha msasa mpaka ukilisugua shavuni kwako lisikwaruze. Bapa linamzuia asikunje vidole kushika, lakini mkono unabaki wazi na bapa, kwa hiyo akijikwaa anaweza kujikinga nao. Hogo lina uzito na mtoto anaishi nalo. Hii unaivua kufumba na kufumbua. Wasweden nao kwa watoto wadogo walitumia glavu.

Mishono ikae nje, si ndani. Ndiyo, inaonekana vibaya, na kama fundi roho inaniuma, lakini ngozi ya mtoto ni bora kuliko macho ya wapita njia. Usipige ovaloki, uzi wake unawasha. Kifundoni weka utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto, ufungie juu ya mkono, si upande wa kiganja. Ukishafunga, kidole chako cha shahada kipite chini yake bila kulazimisha. Shona mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, na kila ukivua tazama ngozi: alama nyekundu isiyofifia baada ya robo saa inamaanisha glavu inarudi cherehanini.

Mkia wa utepe nitakuja kuuzungumzia. Uache mrefu.

Saa ngapi

Birmingham ni saa 6 kwa siku. Mimi nina wateja, sufuria na mama mkwe. Eliasson aliwafanyia watoto wa umri wa Idi kwa saa 2 kwa siku, miezi 2, nyumbani na shuleni, na hiyo nikaiona inabebeka. Nikapiga hesabu: saa 2, siku 6, wiki 8, jumla saa 96. Nikagawa siku vipande vitatu: nusu saa baada ya chai kabla sijafungua, saa nzima alasiri uani kivuli kikishafika, nusu saa kabla ya magharibi na bibi yake. Kila kipande nikakiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, kama ninavyoandika madeni. Mwisho wa wiki ya nane nilijumlisha nikapata saa 71. Kulikuwa na homa, kulikuwa na msiba, kulikuwa na sare za shule mwezi wa kwanza, na fundi yeyote anajua maana yake. Andika saa za kweli. Daftari halimpi mtu cheti.

Kabla ya siku ya kwanza, chagua mambo matatu ambayo mtoto mwenyewe atayafurahia akiyaweza. Si "mkono upone". Yetu yalikuwa: kushika kikombe kisimwagike, kuvuta suruali upande wa kulia, na kushika karatasi ili kushoto kukate. Kisha mrekodi kwa simu akijaribu hayo matatu, umekaa palepale, na urudie kila baada ya wiki mbili. Macho ya mama yanadanganya kwa pande zote. Kuna siku yanaona maendeleo yasiyokuwepo, na kuna siku hayaoni yaliyopo.

Kazi za kumpa

Kanuni moja: kazi iwe ngumu kidogo tu kuliko anachoweza. Ikiwa rahisi, mkono haujifunzi. Ikiwa ngumu, anafika pale pale alipofika kima, anajifunza kuwa haina faida. Taub aliikatakata kila kazi vipande vidogo, na kila kipande mtoto akikifikia anapongezwa papo hapo. Kwa mfano, kikombe. Wiki ya kwanza Idi alikuwa anakisukuma tu kwa ngumi hadi kianguke ndani ya beseni, tunapiga makofi. Kisha kukivuta. Kisha kuingiza vidole vilivyokunjwa ndani yake na kukiinua kitupu. Kikombe kilichoshikwa kwa nje, chenye maji vidole vitatu, kilikuja wiki ya saba.

Kwa ngumi isiyofunguka, maji ya vuguvugu na sponji vilitusaidia: kufinya, kuachia, kufinya. Kuachia ni kugumu kuliko kushika, hilo mtu haambiwi. Idi alikuwa anashika kitu halafu hawezi kukitoa, anaupigapiga mkono pajani. Nikawa naweka beseni chini, mkono wake juu ya ukingo, kifundo kikiinama mbele; kifundo kikiinama, vidole hulegea vyenyewe. Tukaachia vifungo vya makoti namna hiyo, tunahesabu mlio. Vifungo viwe vikubwa, na usigeuze mgongo. Mdogo wake alikuwa na mwaka na kila kitu kwake ni chakula.

Unga wa chapati ni mzuri sana. Mchanga wa ufukweni Raskazone jioni, kujaza kopo na kumwaga, ni mzuri zaidi, kwa sababu kumwaga kunamlazimisha kugeuza kiganja, na kugeuza kiganja kuangalia juu ndiko kulikokuwa kugumu kwake kuliko vyote. Sarafu ya shilingi mia juu ya kiganja, aibebe hadi kwa muuza karanga isianguke. Vibanio vya nguo vyenye springi niliviweka mapema mno, wiki ya pili, akavitupa na kunitupia mimi. Vilirudi wiki ya sita.

Jaribu na hili: mfuko wa kitambaa, ndani kuna ufunguo, bobini na gololi, aingize mkono wa kulia bila kuchungulia aseme ni nini. Idi hakutambua hata kimoja. Kumbe si nguvu tu inayopungua. Watoto wengi wa upande mmoja hawausikii vizuri mkono wenyewe. Tangu hapo nikawa nampa vitu vyenye ukali wa kugusa, kitana, brashi ya viatu, ganda la shelisheli, kabla ya vile laini.

Mkono wa kulia chakula

Lugha yetu yenyewe imeupa kazi: mkono wa kulia, wa kulia chakula. Mtoto wetu akiwa mzito upande huo, anakula na kupokea kwa kushoto, na kila mtu mzima anayepita anaona adabu imepotea. Idi aliwahi kuchapwa kiganja na mtu mzima ambaye hakuuliza. Nyumbani, mama mkwe wangu hakuchapa, lakini alikuwa anaumia.

"Mwanangu, mtoto anakula kwa mkono wa chooni nawe unatazama?"

"Mama, ndio pekee unaofika mdomoni."

Glavu ilipokuja akafurahi kupita kiasi. Alitaka Idi avae wakati wa kula, ashinde njaa hadi wa kulia ujifunze. Hapo tulivutana. Nilikataa, na bado nakataa: mlo si mtihani, na mtoto mwenye njaa hajifunzi, anachukia. Tulipatana hivi. Sahani yake anakula kwa anavyoweza. Tende tatu za bibi kabla ya magharibi, hizo ni za glavu. Bibi anaziweka mbali kidogo kila siku, juu kidogo, na hana haraka kabisa. Mimi kwa dakika kumi nimeshammalizia mtoto kazi. Yeye anaweza kungoja tende moja muda wa kumaliza uradi. Nakiri, nusu saa ya bibi ilifundisha kuliko saa yangu.

Na adabu hiyo hiyo tukaigeuza zoezi. Kila mteja anayepanda barazani, Idi anamwambia shikamoo na kumpa mkono wa kulia, na mteja anausubiri. Kufungua kiganja, kunyanyua kifundo, kushika, kuachia: vyote vimo ndani ya salamu moja. Siku ya soko tulifika salamu ishirini na kitu. Kwa mtoto ambaye mzito ni wa kushoto, hutapata bahati hii ya salamu, na glavu ikiwa kulia uiepushe kabisa na nyakati za kula.

Wiki zilivyokwenda

Wiki ya kwanza alilia na kuing'ata. Aliiita "kiatu cha mkono" na akakificha chini ya kabati. Siku mbili nilivua baada ya dakika kumi, na dada akasema ni sawa, anza na kumi.

Siku ya tisa nilikuwa nimeinama naingiza uzi kwenye sindano ya mashine. Nikasikia mlio wa utepe wa kunata, *kraa*. Nikageuka nikiwa na maneno ya kukemea mdomoni. Idi ameketi juu ya mkeka, kaubana ule mkia wa utepe kati ya gumba na kiganja, kwa mkono wa kulia, na anavuta. Kishingo kimemtoka mishipa. Akaachia, akabana tena, akavuta hadi mwisho, glavu ikadondoka. Hakuna mtu aliyempangia kazi ile. Nilimeza maneno yangu. Tangu siku hiyo kila kipande kiliisha kwa yeye kujivua mwenyewe, na ndiyo maana nasema mkia uwe mrefu, sentimita 6 kwa kuanzia, na umwelekee mkono mzito. Kadiri anavyoweza, unaukata mfupi.

Wiki ya nne ilikuwa kavu, video ya pili na ya tatu sioni tofauti. Wiki ya tano alianza kuchoka na mimi, si glavu. Nikampumzisha siku tatu, tukarudi. Ukiona mtoto anakimbia akikuona wewe, pumzika. Ukiona vidole vya mkono wenye glavu vimevimba au vimepoa, vua hapo hapo.

Glavu ikishavuliwa

Hapa ndipo wengi wanapoacha mapema. Maisha ni ya mikono miwili. Andrew Gordon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 2011 walilinganisha watoto 42: kundi moja lilizuiwa mkono mzima, jingine lilifundishwa kazi za mikono miwili bila kuzuiwa chochote, wote saa 90 ndani ya siku 15. Mwisho wa siku makundi yote mawili yalipanda karibu sawa. Kwa hiyo kama mtoto wako haikubali glavu kabisa, hujakosa dawa. Saa ndizo zinazohesabiwa, na jasho liwe lake mwenyewe. Sisi baada ya wiki nane tulihamia huko: kumenya ndizi, kufungua kifuniko cha chupa, kukunja khanga mimi upande huu yeye huu, kushika kitambaa wakati kushoto kunakata. Alikikata vizuri kitenge cha mteja kwa namna hiyo, yadi nzima. Nimekilipa.

Mengine utasikia. Sindano ya kulegeza misuli inasaidia baadhi ya watoto, huo ni uamuzi wa daktari. Bernadette Gillick, mtafiti wa Marekani, amejaribu sumaku maalumu inayogusishwa juu ya kichwa ili kuutuliza upande wa ubongo wenye nguvu kabla ya zoezi la mkono. Hilo liko kwa watafiti, si kwa mtu wa mtaani mwenye kimashine. Na anayekuuzia dawa ya kuondoa mtindio wote kwa mkupuo, mtoe barazani.

Idi leo ana miaka mitano na nusu. Haandiki kwa kulia na sidhani ataandika. Kikombe anashika, suruali anavuta pande zote mbili, karatasi inakaa. Mguu uko vile vile, glavu haikuugusa. Kwenye mfuko anatambua ufunguo na gololi, bobini bado inamshinda.

Mzunguko wa pili tuliufanya baada ya miezi minane, wiki sita tu. Glavu ilikuwa imeshambana, nikaifumua kimfuko nikakata bapa jipya refu zaidi, jinzi nikaongeza pembeni. Ile ya pili, pacha wake, sikuigusa. Idi anawekea gololi zake humo, anaufunga utepe kwa mkono wa kushoto na kuufungua kwa wa kulia, na asubuhi nikiwa bado sijafungua duka nausikia ule mlio.